Simu Inayofunguka na Simu Iliyofungwa: Ulinganisho kwa Anayetaka Kununua

Simu janja zilizopangwa leo kwenye makabati ya vioo ya Kariakoo, Dar es Salaam, au ya Luthuli, Nairobi, zinafanana sana kwa sura, kiasi kwamba mnunuzi huishia kulinganisha ukubwa wa kioo, idadi ya kamera na bei. Tofauti zitakazomgusa kuanzia mwaka wa pili zimejificha pembeni mwa simu na chini ya mfuniko wake wa nyuma. Ipo simu inayopokea memori kadi, na ipo isiyo na mahali pa kuiweka. Ipo yenye tundu la hedifoni, na ipo yenye tundu moja tu, la chaji. Zipo chache ambazo betri yake hutolewa kwa ukucha, na zipo nyingi ambazo betri haitoki mpaka fundi aipashe simu moto. Hadi mwaka 2014 mnunuzi wa simu ya Android hakuwa na haja kubwa ya kuuliza mambo haya, kwa sababu simu nyingi, za bei ya chini na za bei ya juu, zilikuwa nayo yote. Leo asipouliza, muuzaji mara nyingi hatamwambia.

Ulinganisho huu unafuata kigezo kimoja ambacho nakiona kuwa cha haki kwa pande zote: je, kitu kilichoondolewa kwenye simu kinaweza kupatikana kwa njia nyingine baada ya kununua? Kinachoweza kuzibwa kwa kifaa cha nje cha bei ndogo hakistahili kumnyima mtu simu anayoipenda. Kisichoweza kuzibwa kinapaswa kuamuliwa kabla fedha hazijatoka mfukoni.

Vilivyoondoka na vilivyobaki

Simu za Samsung zinaionyesha safari hii waziwazi. Galaxy S5 ya mwaka 2014 ilikuwa na betri ya kutoka, memori kadi, tundu la hedifoni na mwanga wa infraredi wa kuendeshea televisheni, na juu ya hayo ilistahimili kuzama kwenye maji ya kina cha mita moja kwa nusu saa. Mwaka uliofuata ikaja Galaxy S6 yenye mgongo wa kioo: betri ikafungwa ndani, memori kadi ikaondolewa, na uwezo wa betri ukashuka kutoka mAh 2,800 hadi mAh 2,550. Memori kadi ilirudi kwenye S7 ya mwaka 2016, lakini infraredi ikaondoka. Septemba mwaka huohuo Apple ilitoa iPhone 7 bila tundu la hedifoni. Haikuwa ya kwanza kufanya hivyo, kwani Oppo ilikuwa imewahi kujaribu miaka kadhaa kabla, ila ndiyo iliyofuatwa na wengine. Samsung ililishikilia tundu hilo hadi S10 ya mwaka 2019, ikaliacha kwenye S20, na Januari 2021 ikaitoa S21 bila memori kadi.

Matokeo yake ni kwamba soko la sasa lina makundi matatu. La kwanza ni la simu zilizofungwa kabisa, kama vile iPhone zote na Galaxy S, ambazo zina tundu la chaji pekee. La pili ni la simu zilizofungwa nusu: betri imegandishwa ndani, lakini tundu la hedifoni, memori kadi, nafasi mbili za laini na mara nyingi redio bado vipo. Humo zimo nyingi za Tecno Spark, Infinix Hot, itel na Redmi, pamoja na baadhi ya Galaxy A za bei ya chini. La tatu, ambalo ni dogo sana, ni la simu zinazofunguka bila fundi, kama Galaxy XCover ya Samsung, inayouzwa hasa kwa makampuni yenye wafanyakazi wa nje ya ofisi, na Fairphone ya Amsterdam, inayouzwa hasa Ulaya.

Betri

Naanza na betri kwa sababu ndiyo inayoamua simu itaishi miaka mingapi, na ndiyo ambayo wanunuzi huiulizia vibaya kuliko vyote. Wao huuliza ni mAh ngapi, wakati swali linalofaa ni itabadilishwaje.

Betri ya lithiamu huchakaa hata ikitunzwa. Apple inaeleza kwamba betri za iPhone 14 na zilizotangulia zimeundwa zibakishe asilimia 80 ya uwezo wake baada ya mizunguko 500 kamili ya chaji katika mazingira mazuri, na kuanzia iPhone 15 mizunguko hiyo ni 1,000. Mtu anayemaliza chaji yote kila siku hufikisha mizunguko 500 katika muda usiofika mwaka mmoja na nusu. Mazingira yetu nayo mara nyingi si mazuri kwa betri: simu iliyofungwa kwenye usukani wa bodaboda, ikielekeza njia huku inachaji chini ya jua la saa saba mchana la Dar es Salaam au Mombasa, hupata joto ambalo huiongezea betri kasi ya kuchakaa. Uchakavu huo hauishii kwenye kupungua kwa saa za matumizi. Desemba 2017 Apple ilikiri kwamba programu yake ilikuwa ikipunguza kasi ya iPhone zenye betri zilizochakaa ili zisizime ghafla, na mwaka 2018 ikashusha bei ya kubadilisha betri hadi dola 29. Wengi waliodhani simu zao zimezeeka waliweka betri mpya na kukuta kasi imerudi.

Sasa tuziweke pamoja. Kwenye Galaxy XCover7 mwenye simu huingiza ukucha kwenye pengo dogo la pembeni, huinua mfuniko, hutoa betri ya zamani na kuweka mpya, na kazi imekwisha kabla maji ya chai hayajachemka. Kwenye simu iliyofungwa, fundi huilaza juu ya bamba la moto au huipulizia hewa ya moto pembezoni mpaka gundi ilegee, kisha huingiza kipande chembamba cha plastiki kati ya mgongo na fremu na kukizungusha taratibu pande zote nne. Akiuinua mgongo kabla ya wakati, kioo hupasuka. Baada ya hapo hufungua skrubu ndogo, huchomoa kebo, halafu huibandua betri kutoka kwenye gundi nyingine iliyo chini yake, na hapo ndipo penye hatari, kwa sababu betri ya lithiamu ikikunjwa au ikitobolewa inaweza kuwaka moto. Simu ikishafungwa tena, hakuna anayeweza kuahidi kwamba bado inazuia maji kama ilivyotoka kiwandani. Fundi mzuri huifanya kazi hii kila siku bila tatizo, nami nawaheshimu sana mafundi wetu, lakini ni kosa la usanifu kumlazimisha mtu kutafuta fundi bingwa kwa ajili ya kipuri ambacho kila mtu anajua kitachakaa.

Upande wa pili una hoja zake na unastahili kusikilizwa. Betri iliyofungwa haihitaji ganda gumu la kuilinda, kwa hiyo nafasi hiyo hutumika kuongeza uwezo au kupunguza unene. XCover7 ina unene wa milimita 10.2 na betri ya mAh 4,050, ilhali Galaxy S24 iliyotoka mwezi huohuo wa Januari 2024 ina milimita 7.6 na betri ya mAh 4,000. Isitoshe, betri ya kutoka hufungua mlango kwa betri bandia, na yeyote aliyewahi kununua BL-5C ya kichochoroni kwa ajili ya kitochi anajua jinsi inavyovimba. Hata betri halali huweza kuwa na kasoro: mwaka 2007 Nokia ilitangaza kwamba BL-5C milioni 46 zilizotengenezwa na Matsushita zingeweza kupata joto kupita kiasi. Hata hivyo, mwenye simu aliletewa betri mpya akabaki na simu yake. Mwaka 2016 Galaxy Note 7 zilipoanza kuwaka moto, betri ikiwa imefungwa ndani, wateja walitakiwa kurudisha simu nzima, na simu hiyo ikaondolewa sokoni kabisa.

Powa benki inaziba nusu tu ya pengo hili. Inakupatia saa za ziada, lakini betri ya ndani inabaki ileile iliyochoka, na simu itaendelea kuzima ikiwa inaonyesha asilimia 20.

Ulaya imeingilia kati kwa sheria. Tangu 20 Juni 2025, simu mpya zinazoingizwa katika soko la Umoja wa Ulaya zinatakiwa ama ziwe na betri ambayo mtumiaji anaweza kuibadilisha mwenyewe, ama betri yake ibakishe angalau asilimia 80 baada ya mizunguko 1,000 na simu yenyewe ihimili maji na vumbi. Kuanzia 18 Februari 2027 itaanza kutumika kanuni pana zaidi ya betri za vifaa vidogo. Dalili za mabadiliko zimeshaonekana: betri ya iPhone 16 imegandishwa kwa gundi inayoachia ikipitishiwa umeme mdogo, wa betri ya volti 9. Sisi Waswahili tuna sababu yetu ya kulifuatilia jambo hili. Sehemu kubwa ya kobalti ya dunia inachimbwa Kongo, Kolwezi na maeneo yake, ambako Kiswahili ndicho lugha ya sokoni na ya mgodini. Simu nzima ikitupwa kwa sababu ya betri ambayo haikupata wa kuibadilisha, jasho la wachimbaji hao limetupwa pamoja nayo.

Kwa kigezo chetu, basi, betri iko katikati: inaweza kubadilishwa baada ya kununua, lakini kwa gharama na hatari. Anayenunua simu iliyofungwa achague ile ambayo fundi wa mji wake anaifahamu na betri yake inapatikana. Simu nzuri ya chapa isiyojulikana mjini kwako ni simu ya miaka miwili.

Memori kadi

Hapa pengo halizibiki vizuri. Simu isiyo na nafasi ya memori kadi itabaki na ukubwa wa hifadhi iliyotoka nao kiwandani, na uamuzi wa siku ya kununua ni wa kudumu.

Hesabu ya gharama iko wazi. Apple ilipotoa iPhone 16, tofauti ya bei kati ya ile ya GB 128 na ile ya GB 256 ilikuwa dola 100 huko Marekani, na wakati huo memori kadi halali ya GB 128 ilipatikana kwa chini ya dola 20. Kwa anayerekodi video, hifadhi huisha upesi: dakika moja ya video ya kawaida ya 1080p katika mfumo unaokubalika na vifaa vingi huchukua takriban MB 130, kwa hiyo harusi ya saa mbili inakaribia GB 16. Mtu wa mjini mwenye intaneti ya nyumbani atasema video zihifadhiwe mtandaoni. Mtu anayenunua bando kwa siku hawezi kupandisha GB 16, na hata akiweza, atalipa bando jingine siku ya kuzishusha.

Kuna faida nyingine ambayo huonekana siku ya msiba wa simu. Simu ikianguka kisimani au kioo kikafa, memori kadi huchomolewa na picha zote huonekana kwenye simu nyingine. Kwenye simu iliyofungwa picha ambazo hazikuhifadhiwa mtandaoni huwa mikononi mwa fundi, na ubao mkuu ukiwa umekufa mara nyingi hata fundi hana la kufanya.

Watengenezaji nao hawakosi la kusema. Hifadhi ya ndani ya simu za kisasa, ya aina ya UFS 3.1, husoma data kwa kasi inayokaribia MB 2,000 kwa sekunde, wakati memori kadi za kawaida za UHS-I haziwezi kuvuka MB 104. Kuweka programu kwenye kadi kwa hiyo huifanya simu iwe nzito, na kadi mbovu husababisha lawama zinazomwendea mtengenezaji wa simu. Usiri nao ni tatizo la kweli: picha zilizo kwenye memori kadi kwa kawaida hazikufungwa kwa nywila, na anayeiokota anazisoma zote. Juu ya hayo, soko limejaa kadi zinazojitangaza kuwa na GB 128 huku ndani zina chache tu. Kadi ya namna hiyo hupokea mafaili bila kulalamika, na siku ya kuyafungua hayapo. Tiba yake ni kuijaza kadi mpya hadi mwisho kwa video, kisha kufungua za mwanzo na za mwisho kuona kama zinacheza, kabla ya kuiamini na kumbukumbu za familia.

Tahadhari nyingine inahusu kundi la kati, yaani la simu zilizofungwa nusu. Simu nyingi husifiwa kuwa na laini mbili na memori kadi, lakini trei yake ina nafasi mbili tu, na ya pili ni ama ya laini ama ya kadi. Mwenye laini mbili anayetegemea zote atalazimika kuchagua. Nami nakiri wazi kwamba sielewi kwa nini mtengenezaji anayeuza Afrika Mashariki atoe trei ya aina hiyo.

Laini

Kwa mkaaji wa Tanzania, Kenya au Uganda, laini ni pochi. Fedha zimo humo tangu M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007, na watu wengi hushika laini mbili za mitandao tofauti kwa sababu mtandao unaoshika vizuri kijijini kwa wazazi siyo ule wenye bando nafuu mjini. Tecno iliisoma hali hiyo mapema, ikaleta simu za laini mbili wakati kampuni kubwa zilikuwa zikituuzia za laini moja, na sehemu ya mafanikio yake barani imetokana na hilo.

Kitu kinachoondoka sasa ni trei yenyewe ya laini. iPhone 14 ya mwaka 2022 iliuzwa Marekani bila trei; inatumia eSIM pekee, yaani laini isiyo na kadi, inayoandikwa ndani ya chipu ya simu. Mwaka 2025 iPhone 17 ilitolewa hivyohivyo katika nchi nyingi zaidi, zikiwemo Omani, Falme za Kiarabu, Saudi Arabia, Katari, Kuwait na Bahareni, na iPhone Air haina trei popote duniani. Jambo hili linatuhusu moja kwa moja, kwa kuwa simu nyingi huja kwetu kwa mkono wa ndugu aliye Maskati, Dubai au Marekani. Ndugu anayeleta iPhone 17 kutoka Maskati analeta simu isiyo na mahali pa kuweka laini uliyonayo.

Faida za eSIM zipo. Mwizi hawezi kuichomoa laini ili simu isipatikane hewani, simu moja huhifadhi laini nane au zaidi huku mbili zikifanya kazi kwa pamoja, na nafasi ya trei huenda kwenye betri: iPhone 17 Pro isiyo na trei ina mAh 4,252, yenye trei ina 3,988. Msafiri wa mara kwa mara atafurahi nayo. Hata hivyo, siku simu inapozima kabisa, mwenye kadi huichomoa na kuitia kwenye kitochi, na ndani ya dakika moja ana pochi yake. Mwenye eSIM hana budi kuitafuta huduma ya mtandao wake na kuhakikiwa upya. Kwa mwalimu aliye mjini hilo ni usumbufu wa mchana mmoja. Kwa mfanyabiashara anayepokea malipo kwa simu ni hasara ya siku, na kwa aliye mbali na ofisi za mtandao ni zaidi ya hapo.

Pengo hili halizibiki hata kidogo, kwani hakuna adapta ya trei. Ninachoshauri ni kwamba anayeishi Afrika Mashariki na kutegemea fedha za simu asinunue simu ya eSIM pekee iwe ndiyo simu yake ya pekee, mpaka kwanza ahakikishe kwa kwenda mwenyewe dukani kwa mtandao wake kwamba eSIM inatolewa na kwamba inarudishwa kwa urahisi simu inapoharibika.

Tundu la hedifoni, redio na rimoti

Kuondolewa kwa tundu la milimita 3.5 ndiko kulikopigiwa kelele zaidi, na kwa maoni yangu ndiko kunakozibika kwa urahisi zaidi. Adapta ndogo ya kutoka USB-C hadi tundu la hedifoni hurudisha kila kitu, ila mnunuzi achukue ile yenye chipu ya kugeuza sauti ndani yake, kwa maana zile za bei ya chini kabisa hufanya kazi kwenye baadhi ya simu tu na kwenye nyingine hazitoi sauti. Usumbufu unaobaki ni kwamba adapta huziba tundu la chaji. Hedifoni zisizo na waya ni raha kubwa kwa anayetembea au kufanya mazoezi, lakini zina betri tatu ndogo, mbili masikioni na moja kwenye kikasha, nazo zote huchakaa na karibu hazibadilishiki. Hedifoni ya waya hudumu hadi waya ukatike. Anayerekodi kaswida, kwaya au mahojiano kwa maikrofoni ya waya, na anayehariri video akihitaji sauti iende sambamba na midomo, bado ana sababu nzuri ya kulitafuta tundu hilo. Sony iliwasikiliza watu hao: ililiondoa kwenye Xperia XZ2 mwaka 2018, ikalirudisha kwenye Xperia 1 II mwaka 2020, na simu hiyo huzuia maji sawasawa. Hoja kwamba tundu la hedifoni na kuzuia maji haviwezi kukaa pamoja haina msingi.

Kilichozungumzwa kidogo ni redio, nami naona ndiyo hasara kubwa kuliko tundu lenyewe. Mawimbi ya FM yana urefu wa takriban mita tatu, kwa hiyo kipokezi kinahitaji antena ndefu kiasi, na kwenye simu antena hiyo ni waya wa hedifoni. Tundu lilipoondoka, redio nayo iliondoka kwenye simu nyingi. Redio ya FM haili bando, hutumia chaji kidogo, na hutangaza hata pale mtandao unapozidiwa. Kusikiliza redio kwa intaneti kunawezekana, lakini kila saa ya matangazo ya mechi ya Simba na Yanga inakatwa kwenye bando. Mwenye kuitegemea redio achague kundi la kati, au anunue redio ndogo pembeni.

Infraredi ni ya kupita. Redmi na Infinix nyingi bado zinayo, huendesha televisheni, kiyoyozi na baadhi ya ving'amuzi, na rimoti mpya ni bei ndogo. Isimwamulie mtu.

Masasisho, na jozi mbili

Simu iliyobakiza matundu yake ina udhaifu ambao wapenzi wake hawapendi kuutaja: simu nyingi za bei nafuu zilizobakiza matundu yote hupata masasisho ya programu kwa muda mfupi. Galaxy S24 imeahidiwa miaka saba ya masasisho, vivyo hivyo Pixel 8 ya Google, huku nyingi za bei ya chini katika kundi la kati zikipata machache mno. Hili si suala la urembo. Simu iliyoachwa nyuma hatimaye hukataliwa na programu za benki, na WhatsApp iliacha kufanya kazi kwenye Android za chini ya toleo la 5 mwanzoni mwa mwaka 2025.

Galaxy A15 na A16 zinaonyesha mvutano huu kwa mnunuzi wa kawaida. Zote zina betri ya mAh 5,000 na memori kadi. A15 ina tundu la hedifoni, lakini haina kinga rasmi ya maji. A16 haina tundu hilo, ila ina kinga ya IP54 dhidi ya vumbi na matone ya maji, na imeahidiwa miaka sita ya masasisho, mmoja zaidi ya A15. Kwa kigezo chetu A16 inashinda, kwa sababu tundu huzibwa kwa adapta, na masasisho hayazibwi kwa chochote.

Jozi ya XCover7 na S24 ina jibu tofauti kwa kila mtu. S24 ina kioo cha AMOLED kinachong'aa hata juani, kamera bora zaidi na kasi kubwa; XCover7 ina kioo cha kawaida cha LCD, kamera moja ya nyuma na chaji ya polepole ya wati 15. Zote mbili zina kinga ya IP68, yaani ya vumbi na ya kuzama majini. Ofisa ugani, mkaguzi wa mita au mhudumu wa afya anayeshinda vijijini atahudumiwa vizuri na XCover7 na betri ya pili mfukoni. Mpiga picha au mtu anayekaa karibu na umeme achukue S24. Wote wawili wakumbuke kwamba kinga ya IP68 hupimwa kwa maji baridi yasiyo na chumvi. Maji ya bahari ya Nungwi au Diani hayamo kwenye ahadi hiyo, na kwa kawaida dhamana hailipii simu iliyoingia maji.

Kabla ya kulipa

Mwombe muuzaji pini, uchomoe trei mwenyewe na uhesabu nafasi zilizomo; kama simu haina trei wala nafasi ya laini chini ya mfuniko, umeshajua ni ya eSIM pekee. Piga *#06#: namba ndefu ya EID ikitokea pamoja na IMEI, simu inakubali eSIM. Kama ni iPhone, uliza imeletwa kutoka nchi gani, kwa sababu zilizotengenezwa kwa ajili ya China bara na Hong Kong nyingi zina nafasi mbili za laini za kadi, na kwa mtu mwenye laini mbili za fedha hizo ndizo zinazomfaa. Chomeka hedifoni ya waya na ufungue redio hapohapo dukani, kwani zipo simu zenye tundu zisizo na redio.

Kwa simu iliyotumika, fungua mipangilio ya betri uangalie afya yake, kama simu inaionyesha. Ikiwa chini ya asilimia 80, muulize fundi aliye karibu bei ya betri halali pamoja na kazi yake, kisha mwambie muuzaji akupunguzie kiasi hicho.